Je, wajua kwa nini sabuni ya kunyolea inayonukia kuliko zote inaweza kuwa ndo inayokuchuna uso?

Waweke pamoja watu wawili wanaonyoa kwa brashi na wembe, mmoja shabiki wa sabuni za kampuni kongwe na mwenzake wa hizi za watengenezaji wadogo wanaopika sufuria kwa sufuria, watabishana mpaka maji ya moto yapoe. Ila ukisikiliza vizuri unagundua hata hawabishanii kitu kimoja, mmoja anasifia harufu, mwingine anasifia wembe unavyoteleza, na hivyo vitu viwili ndani ya kopo la sabuni wala havihusiani. Kinachonukia hakinyoi, na kinachonyoa karibu hakina harufu kabisa.

Tuanze na kinachonyoa. Sabuni ya kunyolea ni mafuta yaliyopikwa na alkali kama sabuni nyingine yoyote, tofauti ni kwamba mafuta yake yana asidi ya steariki nyingi na alkali yake ni potashi kwa sehemu kubwa, kostiki soda inaingia kidogo tu ya kuipa ugumu. Sabuni ya kuogea ya kipande ni kostiki soda karibu yote, ndo maana ukijinyolea nayo povu linakuja chap halafu linakukaukia shavuni kabla hujafika kidevuni. Potashi inafanya sabuni iyeyuke kirahisi na kukamata maji mengi, steariki inafanya viputo viwe vidogo sana na visipasuke ovyo. Halafu kuna mafuta ya nazi, yamejaa asidi ya lauriki, yenyewe yanaleta povu haraka ila viputo vyake vikubwa na havidumu, na yakizidi yanakausha ngozi. Kwa hiyo mpishi anacheza na mizani, nazi kidogo ya kuanzisha povu na steariki ya kutosha ya kulishikilia.

Hii unaweza kuiona kwa macho yako. Lowesha brashi, ikung'ute kidogo, izungushe juu ya sabuni kama nusu dakika. Mwanzoni unapata povu la hovyo, mapovu makubwa yenye hewa, na hapa ndo wengi wanakimbilia usoni. Subiri kwanza. Tia matone machache ya maji, endelea kuzungusha, tia tena, na taratibu yale mapovu makubwa yanapotea, povu linakuwa zito kama mtindi na linaanza kung'aa. Kung'aa ndo dalili yenyewe, povu lisilong'aa lina kiu bado. Chukua kidogo katikati ya kidole gumba na cha shahada usugue, kama vidole vinapitana bila kukwama basi na wembe utapita, kama unahisi kunata ongeza maji. Kwa kweli sabuni nyingi zinazosemwa ni mbovu zilinyimwa maji tu.

Maji yenyewe ndo yanalainisha ndevu, wala sio sabuni. Unywele wa ndevu ni keratini, protini ngumu kama ya kucha, ukilowa dakika mbili tatu unalainika na wembe unaukata kwa nguvu ndogo zaidi, povu linachofanya ni kuyashikilia yale maji pale yasichuruzike na kuweka utelezi kati ya chuma na ngozi. Ndo maana urefu wa povu hauna maana yoyote, hata uwe na ndevu za povu kama babu wa hadithi, wembe unahitaji ule utando mwembamba wa chini.

Sasa tuje kwenye ligi yenyewe. Sabuni nyingi za kampuni kongwe, hasa zile ngumu za duara zinazokaa kwenye bakuli la mbao, zinapitishwa kwenye roli za chuma mara kadhaa mpaka maji yanapungua na zinashikana kabisa. Faida yake zinakaa muda mrefu sana, hasara yake brashi inabidi ifanye kazi, na mtu asiye na subira anaishia na povu hafifu analaumu sabuni. Za watengenezaji wadogo nyingi zinapikwa kwa moto na kumiminwa kwenye kopo zikiwa bado laini, ukigusa kwa brashi tu zinakubali, ila zinaisha haraka. Halafu wanaachia glisirini yote inayozaliwa wakati wa kupika, tofauti na viwanda vikubwa ambavyo mara nyingi huitoa, na juu yake wanaongeza lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo), siagi ya shea, udongo wa bentonaiti, maziwa ya mbuzi au ya punda, mpaka shahamu ya nyati wa Marekani wapo wanaotumia.

Je, hayo madoido yanasaidia? Mi naona yanasaidia sehemu moja hasa, ule utelezi unaobaki baada ya wembe kupita, pale unapotaka kurudia kipande kidogo chini ya taya na povu limeshaondoka. Hapo sabuni nzuri ya mtengenezaji mdogo inazipita za zamani nyingi, na ngozi baada ya kunawa haivuti. Ila sio uvumbuzi mpya kihivyo, Mitchell's Wool Fat ya Uingereza, yaani "mafuta ya sufu", lanolini ndo jina lake na sifa yake tangu zamani. Na maziwa ya punda, samahani zao wanaoyauza, yanaongeza zaidi bei kuliko utelezi.

Upande wa harufu mambo yanageuka. Marashi ndani ya sabuni ni asilimia chache tu ya uzito wote, na yanaishi kwenye mazingira magumu, maana sabuni ni alkali, pH yake inacheza kwenye 9 au 10. Harufu za ndimu na machungwa zinachakaa mapema humo ndani, vanila nayo inaigeuza sabuni iwe ya kahawia kadiri siku zinavyokwenda (haijaoza, usiitupe). Halafu harufu ya kwenye kopo sio ile ya kwenye povu, maji ya moto yanarusha juu viungo vyepesi vya marashi kwanza na vizito vinabaki nyuma, kwa hiyo sabuni inayokupiga pua ukifungua kifuniko inaweza kunyamaza kabisa usoni, na kinyume chake pia.

Ile harufu ambayo watu wakiisikia wanasema "kinyozi" ina historia. Mwaka 1868 mkemia William Henry Perkin alitengeneza kumarini maabara, kitu chenye harufu tamu ya majani makavu, na 1882 nyumba ya manukato ya Houbigant huko Ufaransa ikatoa Fougère Royale, lavenda juu, kumarini na kuvumwani ya miti ya mwaloni chini. Sabuni za kunyolea zimekuwa zikiizunguka hiyo familia mpaka leo. Wengine wakashika njia zao, Cella ya Milano ikabaki na lozi chungu, Proraso ya Florence ikachukua mkalitusi na mentholi, na Arko ya Uturuki ikaja na ukali wa ndimu ambao wapo wanaoapa ni wa dawa ya choo. Na Arko hiyohiyo, sabuni ya bei ya chini kabisa kwenye meza, inatoa povu linaloaibisha makopo ya bei mara kumi yake. Kama unataka ushahidi kwamba pua haijui kunyoa, ndo huo.

Wazee wanaolalamika kwamba sabuni yao "haiko kama zamani" hawaoti. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku atranoli na kloroatranoli, vitu vinavyopatikana kwenye kuvumwani ya mwaloni na vinavyosumbua ngozi za watu, bidhaa mpya zenye hivyo zikazuiwa kuanzia Agosti 2019 na za madukani zikatakiwa ziwe zimeondoka kufikia Agosti 2021. Machi 2022 ikafuata marufuku ya Lilial, kemikali iliyokuwa ikitoa harufu safi ya maua kwenye vipodozi chungu nzima. Kampuni kongwe zikabadilisha mapishi, na baadhi zilishaacha hata shahamu na kuhamia mafuta ya mimea. Watengenezaji wadogo wao wakapata uwanja, tumbaku, ngozi iliyotengenezwa, moshi wa kuni, kahawa, ubani, kila msimu harufu mpya, na kwa utundu wa pua hawana mpinzani.

Ila ukitaka kuzilinganisha kwa haki, usiamini sana sifa za mtu ambaye hujui maji yake. Kwenye maji magumu kalsiamu na magnesiamu vinaidaka sabuni na kuigeuza utando mweupe usio na kazi, ndo maana viwanda huongeza kitu kama tetrasodiamu EDTA cha kuyadhibiti na baadhi ya wapishi wadogo wanakiacha. Sabuni ileile inakuwa mfalme kwa mmoja na takataka kwa mwingine. Jaribu na maji yaliyochemshwa yakatulia, au ya mvua, wembe wa aina moja, brashi moja, hapo ndo utajua.

Na kama uso unawaka kila ukitumia sabuni fulani nzuri yenye harufu kali, tafuta ya mtengenezaji huyohuyo isiyotiwa marashi, wengi wanayo. Ukinyoa nayo siku chache na uso ukatulia, basi msingi wa sabuni hauna kosa, ni manukato yaliyokuwa yanakuchuna, hasa mdalasini, karafuu na mentholi iliyozidi.