Sadaka ya kanisani haifuti wajibu kwa mama

Wapo Wakristo, Mbeya mjini hadi Iringa, wanaoamini kwamba aliyetoa zaka na mchango wa ujenzi wa kanisa amemaliza, na mama kijijini atabarikiwa kupitia sadaka hiyo. Sivyo. Katika Marko 7:9-13 Yesu aliwakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, kisha wakawanyima wazazi msaada. Alisema wanalitangua neno la Mungu. Nayo 1 Timotheo 5:4 inawataka watoto na wajukuu waanzie utauwa, yaani uchaji wa Mungu, nyumbani kwao.

Heshima kwa mama mzee, basi, ina bajeti na kalenda. Huku kwetu mvua huanza Novemba au Desemba: mbolea ya kupandia imfikie kabla, pamoja na hela ya vibarua. Ya kukuzia ifuate mahindi yakifika magotini. Wengi hutuma kwa mkupuo Krismasi, wakati mahindi yameshaota, na fosfeti, kirutubisho kilicho katika mbolea ya kupandia, ikichelewa haisaidii sana, maana mizizi huihitaji ikiwa bado michanga. Juni na Julai, hasa Makete na Njombe, anahitaji blanketi zito na kuni kavu. Kabla ya kununua mbegu, mwulize mama; anajua ipi inakubali shambani kwake.