Salem, bandari ya kina kifupi iliyofika Unguja

Ukitaja Salem, ule mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, wengi hukumbuka kesi za uchawi za mwaka 1692. Kila Oktoba wageni hufurika mitaani kwa ajili hiyo. Mimi nimejikita katika historia ya bandari, na kila ninapoisoma Salem nazidi kuamini kwamba siri yake imo baharini. Bandari yake ina kina kifupi, na nyuma yake hakuna mto mkubwa wa kuleta mali kutoka bara. Mambo hayo mawili yalisukuma merikebu zake mpaka Unguja, na hayo hayo baadaye yakaizima.

Mji uko yapata kilomita 25 kaskazini-mashariki ya Boston. Ulianza juu ya ulimi wa ardhi uliozungukwa na mito miwili mifupi, North River na South River. Leo sehemu kubwa ya South River imefukiwa, na palipokuwa pakifungwa mashua pana maduka na barabara. Kati ya maji kujaa na kupwa kuna tofauti ya karibu mita 2.7, kwa hiyo maji yakipwa, sehemu ya ndani ya bandari hubaki tope. Wenyeji waliita mahali hapa Naumkeag, na walikuwa wakivua hapa kabla ya Roger Conant na Waingereza wenzake kuhamia kutoka Cape Ann mwaka 1626.

Kuhusu 1692 nitasema machache. Watu 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey akafa kwa kukandamizwa na mawe mazito. Tuhuma zilianzia Salem Village, kijiji cha wakulima upande wa bara, ambacho leo ni mji mwingine kabisa unaoitwa Danvers. Mahali pa kunyongea, Proctor's Ledge, palithibitishwa mwaka 2016 tu. Inaniuma kuona vifo vya watu wasio na hatia vimegeuzwa biashara ya kofia na mifagio ya wachawi.

Utajiri ulikuja baada ya uhuru. Uingereza ilipowafungia Wamarekani bandari za makoloni yake ya Karibi, matajiri wa Salem kama Elias Hasket Derby walielekeza merikebu zao mbali zaidi, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi China, India na Sumatra. Pilipili manga ya Sumatra ilipita Salem kwa wingi kabla ya kuuzwa tena Ulaya. Katika sensa ya 1790 Salem, yenye watu karibu 8,000, ilikuwa ya sita kwa ukubwa kati ya miji ya Marekani. Merikebu za siku zile zilikuwa ndogo na ziliweza kuingia. Hata hivyo tope lilisumbua, na gati la Derby likarefushwa kwa awamu kuyafuata maji ya kina, mpaka likafikia karibu mita 800. Gati hilo bado lipo, na kwangu ndilo ushahidi mkubwa kuliko wote mjini: urefu wake wote ni kipimo cha ufupi wa maji.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1807 serikali ya Marekani ilipiga marufuku meli zake kwenda nchi za nje, na vita na Uingereza vikafuata mwaka 1812. Amani iliporudi, merikebu zilikuwa zikizidi kuwa kubwa. New York ikapata Mfereji wa Erie mwaka 1825, ukaiunganisha na mashamba ya bara, na Boston ikaanza kupata reli. Salem haikuwa na mto mkubwa wala mfereji. Wafanyabiashara wake wakatafuta masoko ambayo bandari kubwa hazikuyajali: Mocha huko Yemeni, Madagaska, Fiji, na hasa Unguja.

Hapa ndipo historia yake inapokutana na yetu. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alifunga mkataba na Sultani Sayyid Said huko Maskati, ambao uliwapa Wamarekani ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa walizoshusha. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja kama balozi mdogo wa Marekani, miaka minne kabla ya Hamerton, balozi mdogo wa Uingereza. Waters alifanya biashara na Jairam Shivji, aliyekodi kwa Sultani haki ya kukusanya ushuru wa forodha, na kwa ushirika huo Salem ilipata nafasi ya mbele sokoni.

Watu wa Salem walichukua pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Sandarusi, utomvu wa miti uliogandamana, ilichimbwa ardhini Mrima, pwani ya bara, ikasafirishwa ikiwa bado ina mchanga na ganda. Huko Salem, kiwanda cha Jonathan Whipple kiliiosha, ikauzwa kwa watengenezaji wa vanishi ya samani na magari ya farasi. Kwa upande wao walileta bunduki, baruti na zaidi ya yote kitambaa cha pamba kiitwacho merikani, kilichofika mbali bara pamoja na misafara. Waters aliuchukia utumwa, lakini biashara yake iliegemea juu yake pande zote mbili: pamba ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, na karafuu zilichumwa na watumwa Unguja.

Salem yenyewe ilikuja kufuma. Lowell, mji wa viwanda vya nguo, ilikuwa na maporomoko ya mto Merrimack ya kuzungusha mitambo, Salem haikuwa nayo, kwa hiyo kampuni ya Naumkeag ikajenga kando ya bandari kiwanda cha mvuke kilichoanza kazi mwaka 1847. Makaa ya mawe yaliletwa kwa bahari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilikata pamba, nguo za Uingereza na India zikajaza pengo sokoni Unguja, na kufikia 1870 Salem ilikuwa imeachana na biashara hiyo.

Moto mkubwa wa Juni 25, 1914, ulioanzia eneo la viwanda vya ngozi, uliteketeza majengo zaidi ya 1,300, pamoja na kiwanda cha Naumkeag na nyumba za wafanyakazi wake. Kiwanda kilijengwa upya, kisha kikahamia kusini miaka ya 1950. Mitaa ya matajiri kama Chestnut Street ilinusurika. Ilinusurika pia nyumba ya John Bertram kwenye Essex Street, nahodha aliyechuma sehemu ya mali yake katika biashara ya Unguja. Warithi wake waliikabidhi kwa mji, na tangu 1889 ndiyo maktaba ya umma ya Salem.