Malipo ya awali ya mrabaha ni nini? Paka wa mhariri anaeleza

Paka hafichwi kitu na mhariri. Barua pepe za asubuhi husomwa huku nimelalia nusu ya kibodi, na habari inayomfanya bibie wangu agune kwa sauti ni ya aina moja: mwandishi fulani huko Marekani, kitabu chake cha kwanza, hata hakijamalizika kuandikwa, kapewa dola laki tano. Mimi nikisikia laki tano nafikiria dagaa. Binadamu hufikiria mshahara. Sote tumekosea.

Fedha hiyo inaitwa malipo ya awali ya mrabaha, na neno la kushika hapo ni mrabaha. Mrabaha ni fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa. Malipo ya awali ni fungu hilohilo, ila limetolewa kabla nakala hata moja haijauzwa, kisha linakatwa kidogo kidogo kadiri kitabu kinavyotoka dukani. Kwa lugha ya bakuli: leo umepewa samaki wa mwezi mzima. Kuanzia kesho, kila samaki anayeingia jikoni kwa jina lako anahesabiwa kuwa ulishamla. Hesabu ikifika sifuri, ndipo unaanza kupewa tena. Na samaki wakiadimika mwezi huo, hakuna atakayekuja kukutapisha uliowala. Hapo ndipo malipo haya yanapoachana na mkopo wa benki: kitabu kikidoda, mwandishi harudishi.

Tupige hesabu, maana bila tarakimu jambo hili hubaki hewani. Chukua mkataba wa Marekani wa dola 60,000 kwa kitabu cha jalada gumu chenye bei ya dola 28. Viwango vilivyozoeleka huko ni 10% ya bei ya jaladani kwa nakala 5,000 za kwanza, 12.5% kwa 5,000 zinazofuata, na 15% baada ya hapo. Nakala 5,000 za kwanza zinampa mwandishi dola 2.80 kila moja, yaani 14,000. Za pili zinampa 3.50, yaani 17,500. Zimeshauzwa nakala 10,000, idadi ambayo waandishi wengi hawaioni maishani, na bado zimekatwa dola 31,500 tu. Zimebaki 28,500. Sasa kila nakala ni dola 4.20, kwa hiyo zinatakiwa nyingine 6,786. Ukijumlisha, ni nakala 16,786 kabla mwandishi hajaona senti ya nyongeza. Siku hiyo ndiyo husemwa kitabu kimejilipa. Jalada laini, ambalo kwa kawaida ni 7.5%, na kitabu cha kielektroniki, ambacho ni 25% ya fedha anazopokea mchapishaji, navyo humwagwa katika chungu hichohicho.

Wengi hudhani kitabu ambacho hakijajilipa kimemtia mchapishaji hasara. Si lazima. Ile nakala ya dola 28 duka huinunua kwa punguzo la karibu nusu, kwa hiyo mchapishaji anapokea kama dola 14. Ndani ya hizo, mrabaha unachukua 2.80 hadi 4.20. Kinachobaki ndicho kinacholipa karatasi, uchapaji, ghala, usafiri, matangazo na mishahara, na kinaweza kuvuka gharama zote hizo wakati hesabu ya mwandishi bado iko mbali na sifuri. Kwa hiyo ukimsikia mchapishaji analia kwamba kitabu hakijajilipa, msikilize, lakini usimtolee machozi yote.

Jambo ambalo habari za asubuhi hazilisemi ni kwamba fedha hizi haziji kwa mkupuo. Zamani ziligawanywa mara mbili au tatu: mkataba ukitiwa saini, mswada ukikubaliwa, kitabu kikitoka. Siku hizi mgawo wa nne ni wa kawaida, na huo wa nne husubiri jalada laini au mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka. Dola 60,000 kwa nne ni 15,000. Wakala wa mwandishi ndiye anayepokea kwanza. Anakata 15% yake, 2,250, na mwandishi anapata 12,750. Kuanzia saini hadi fungu la mwisho miaka mitatu hupita bila shida. Jumla ya 51,000 kwa miaka mitatu ni 17,000 kwa mwaka, na kodi bado haijabisha hodi. Hata paka mnene angekonda.

Katika migawo hiyo, ule wa pili ndio wenye mtego. Kuwasilisha mswada si sawa na mswada kukubaliwa. Mswada unaweza kukaa mezani kwa mhariri miezi sita, mimi nikiwa juu yake, na hakuna fungu linalotoka mpaka mhariri aandike kwamba ameukubali. Mkataba mzuri hutaja siku ambazo mhariri lazima ajibu, tuseme 60, na hudai sababu za kukataa ziwe za maandishi, mwandishi akipewa nafasi ya kurekebisha. Na hapa ndipo ile kanuni ya kutorudisha inapovunjika: mwandishi asipoleta mswada kabisa, au akileta ukakataliwa kwa haki, anaweza kudaiwa fedha alizokwisha kula.

Turudi kwenye habari. Tovuti ya Marekani ya Publishers Marketplace, ambayo hutangaza mikataba kila siku, haitaji kiasi kamili mara nyingi. Ina msimbo wake wa maneno. Kuanzia dola 1 hadi 49,000 inaitwa dili ya kupendeza. Kuanzia 50,000 hadi 99,000 ni ya kupendeza sana. Kuanzia 100,000 hadi 250,000 ni nzuri. 251,000 hadi 499,000 ni yenye uzito. 500,000 na kuendelea ni dili kubwa. Angalia ustadi wa lugha hapo: ya kupendeza sana iko chini ya nzuri, na mfupa mmoja wa dagaa uko daraja moja na nguru mzima. Mtu akitangaziwa dili ya kupendeza, huwezi kujua kama kapata dola 500 au 45,000. Wala msimbo hausemi ni vitabu vingapi. Dola laki tano kwa vitabu vitatu ni kitu kingine kabisa kuliko laki tano kwa kimoja.

Jinsi fedha hizi zilivyo nzito ilionekana mahakamani mwaka 2022. Kampuni ya uchapishaji ya Penguin Random House, ambayo nayo ilizaliwa kwa muungano wa 2013, ilitaka kuinunua Simon & Schuster kwa dola bilioni 2.175. Serikali ya Marekani ilipinga, na hoja yake haikuwa bei ya vitabu kwa msomaji. Ilikuwa malipo ya awali ya mwandishi. Iliangalia vitabu vinavyotarajiwa kuuza sana, ikaweka kipimo cha dola 250,000 na zaidi, na kusema kampuni mbili hizo zikiungana zitashika karibu nusu ya soko la kununua vitabu vya namna hiyo. Wanunuzi wakipungua mnadani, bei ya mswada inashuka. Stephen King, ambaye vitabu vyake hutolewa na Simon & Schuster yenyewe, alipanda kizimbani kutoa ushahidi upande wa serikali. Tarehe 31 Oktoba 2022 Jaji Florence Pan alizuia ununuzi huo, na mwaka uliofuata Simon & Schuster ilikwenda kwa kampuni ya uwekezaji ya KKR kwa dola bilioni 1.62. Kwa paka, kesi nzima inaeleweka kwa sentensi moja: nyumba mbili mtaani zinazokulisha zikiungana na kuwa moja, bakuli haliongezeki.

Huku kwetu habari ni nyingine. Kwa mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam malipo ya awali ni adimu, na yakiwepo ni madogo. Mwandishi kwa kawaida husubiri mrabaha wenyewe, ambao mara nyingi ni karibu 10%. Swali linalosahaulika ni dogo tu: asilimia kumi ya nini? Mfano wa Kenya, ambako Sheria ya VAT ya 2013 iliingiza vitabu katika kodi ya 16%. Kitabu kinauzwa shilingi 580. Toa kodi, bei ni 500. Mpe mwenye duka punguzo la 30%, mchapishaji anapokea 350. Mkataba ukisema 10% ya bei ya jaladani, mwandishi atadai 58 na mchapishaji atamwambia ni 50, kwa sababu kodi ni ya serikali. Ukisema 10% ya fedha anazopokea mchapishaji, ni 35. Kwa nakala 2,000 unazungumzia shilingi 116,000, 100,000 au 70,000. Mkataba uleule, asilimia ileile, kilichobadilika ni maneno mawili matatu. Kisha juu ya chochote kitakachopatikana, kodi ya zuio ya 5% kwa mkazi wa Kenya hukatwa kabla hundi haijatoka.

Kwa kipimo hichohicho unaweza kupima malipo ya awali ukiahidiwa. Yagawanye kwa mrabaha wa nakala moja, halafu ulinganishe na idadi itakayochapwa mara ya kwanza. Shilingi 70,000 kwa mrabaha wa 35 ni nakala 2,000. Kama chapa ya kwanza ni nakala 1,000 tu, mchapishaji amekuambia mwenyewe kwamba hatarajii kitabu kijilipe upesi. Amekununua jumla, na fedha aliyokupa ndiyo utakayoiona kwa muda mrefu. Pengine ni nyingi kuliko ungeipata kwa kungoja. Kwa mwandishi asiye na uhakika wa mauzo, kuchukua samaki aliye mkononi si ujinga.

Usichanganye haya na tuzo. Fedha za tuzo, kama ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nchini Tanzania, ni zawadi kwa kazi iliyoshinda. Mchapishaji akikichapa kitabu hicho baadaye, kabla ya kutia saini hakikisha mkataba unasema mrabaha unaanza na nakala ya kwanza, na kwamba fedha ya tuzo haihesabiwi humo.

Kifungu kinachoumiza zaidi ni cha kuunganisha hesabu. Mwandishi anapewa dola 60,000 kwa vitabu viwili, 30,000 kila kimoja. Kitabu cha kwanza kinaingiza mrabaha wa 40,000. Hesabu zikiwa mbali mbali, kimeshajilipa, na mwandishi anapokea 10,000. Zikiunganishwa, hapati kitu, kwa sababu chungu ni kimoja na bado zinatakiwa 20,000 kutoka kitabu cha pili, ambacho huenda hajakianza. Kikija kudoda, kinakula kilichovunwa na cha kwanza. Neno lenyewe kwenye mkataba ni jepesi, linapita kama mguu wa paka usiku: "hesabu za kazi zote chini ya mkataba huu zitajumlishwa." Omba liandikwe kinyume chake, kila kazi na hesabu yake.

Halafu kuna marejesho. Marekani na Uingereza duka linaweza kurudisha nakala ambazo hazikununuliwa, na Marekani desturi hiyo ilishika mizizi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Kwa hiyo nakala iliyosafirishwa bado si nakala iliyouzwa, na mchapishaji huzuia sehemu ya mrabaha kama akiba ya marejesho. Akiba hiyo ni halali. Akiba isiyo na kikomo ndiyo mbaya. Mkataba utaje asilimia yake na itashikwa kwa vipindi vingapi vya hesabu, viwili au vitatu, baadaye iachiliwe.

Taarifa ya mrabaha huja kila miezi sita, na malipo yake, kama yapo, takriban siku 90 baada ya kipindi kufungwa. Anza na nakala zilizosafirishwa, toa zilizorudi, toa za akiba, zidisha zilizobaki kwa mrabaha wa nakala moja, kisha toa katika malipo ya awali. Kosa la kawaida ni asilimia kutopanda: nakala ya 5,001 bado inahesabiwa kwa 10% badala ya 12.5. Lingine ni nakala kuorodheshwa kati ya zile zinazouzwa kwa punguzo kubwa sana, ambazo mikataba mingi huzishushia mrabaha hadi nusu, wakati duka lilipewa punguzo la kawaida. Chini kabisa utakuta tarakimu ndani ya mabano, tuseme (28,500). Mabano yanatisha, lakini hakuna ankara inayokuja nyuma yake. Ni kiasi kinachosubiri nakala nyingine ziuzwe. Bibie wangu huzitandaza taarifa hizo mezani mara mbili kwa mwaka na kalamu nyekundu mkononi, na mpaka amalize kuzidisha, hairuhusiwi kuzilalia.