Kuzuru mji wa kale kwa mwongozo wa sauti: dhana potofu na ukweli wake

Mwaka 1952 jumba la makumbusho la Stedelijk, mjini Amsterdam, liliwapa wageni vifaa vidogo vya kunasa mawimbi ya redio, nao wakatembea kati ya kazi za sanaa huku wakisikiliza maelezo masikioni. Maelezo hayo yalirushwa kutoka mahali pamoja, hivyo kila mgeni alisikia neno lilelile kwa wakati uleule. Anayezunguka mji wa kale leo akiwa na simu janja anaweza kuisimamisha sauti, kuirudisha nyuma au kuiruka. Hata hivyo, dhana nyingi potofu kuhusu ziara hizi hutokana na msikilizaji kumfuata msimulizi kana kwamba bado anatangaza redioni.

"Bila intaneti ziara haifanyi kazi"

Kinachohitaji intaneti ni kupakua, na hilo hufanywa mapema. Sauti ya mazungumzo iliyohifadhiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban nusu megabaiti kwa dakika, kwa hiyo simulizi ya saa moja na nusu haifiki megabaiti 50. Ama kuhusu kutambua mahali ulipo, simu hupokea ishara za setilaiti za GPS zilizo juu ya dunia kwa takriban kilomita 20,200, na kupokea huko hakutumii data. Data husaidia tu kuharakisha kazi hiyo. Bila data, simu inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kujua ilipo, ndiyo maana inafaa kuiacha itafute ukiwa kwenye uwanja wenye anga wazi kabla hujaingia vichochoroni. Njia bora ya kujihakikishia ni kuzima data kabla ya kuondoka ulikofikia, ukafungua ramani na kucheza sauti ya kila kituo cha ziara kwa sekunde chache. Si ajabu kukuta sauti zote zimepakuliwa lakini ramani haikupakuliwa.

"Nikifika mahali, sauti itaanza yenyewe"

Penye anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 5, na kosa hilo halina madhara kwenye barabara pana. Katika mitaa myembamba ya kale mambo hubadilika: kuta ndefu huzikinga baadhi ya setilaiti, na ishara zinazopenya huwa zimegonga ukuta kwanza zikarefusha safari yake, kwa hiyo simu hudhani uko kichochoro cha pili. Matokeo yake ni kituo kuanza kusimuliwa kabla hujakifikia, au kutoanza kabisa.

Liko pia tatizo ambalo setilaiti haihusiki nalo. Msimulizi anaposema "kulia kwako", anachukulia kwamba umefika kutoka upande alioupanga yeye. Ukitokea upande wa pili, utasimama dakika mbili nzima ukikagua mlango wa ghala, huku masikioni ukisifiwa nakshi za karne ya 15 zilizo nyuma ya kisogo chako. Simulizi iliyotungwa vizuri husema "ipe chemchemi mgongo, utazame mnara", na isiposema hivyo, tazama picha ya kituo kwanza ndipo ubonyeze kitufe. Usitegemee sana namba za nyumba pia. Mjini Venice, kwa mfano, namba hufuata sehemu sita za mji wala hazifuati mtaa mmoja mmoja, kwa hiyo majina yaliyoandikwa ukutani ndiyo yanayokuelekeza vyema zaidi.

"Sauti ya dakika 60 ni matembezi ya saa moja"

Hesabu hii huwachosha wengi. Chukua njia ya kilomita 3: kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, miguu peke yake inahitaji dakika 45, na simulizi nyingi husikilizwa mtu akiwa amesimama. Ongeza kuvuka barabara, kupiga picha, kupotea kidogo na kuketi, na saa mbili zitakuwa zimepita, pengine na nusu juu yake. Kwa muda wote huo kioo huwashwa kila mara na GPS inafanya kazi, kwa hiyo chaji huisha mapema kuliko siku za kawaida. Betri ya akiba si anasa.

"Vipokea sauti vinavyozuia kelele ndivyo bora"

Ni bora ndani ya ndege. Mtaani, baiskeli na tramu za umeme hukujia kimyakimya hata kwa asiyevaa chochote. Vaa sikio moja, na sauti ikizidiwa na magari, isimamishe mpaka uvuke badala ya kuiongeza.

"Nimeshalipia ziara, kwa hiyo nitaingia kila mahali"

Mara nyingi ulicholipia ni simulizi tu. Tiketi za majumba hulipiwa kando, na nyumba za ibada huwa na saa ambazo watalii hawaruhusiwi.

"Kilichorekodiwa ni historia iliyothibitishwa"

Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana nzito kuliko zote, kwa sababu sauti tulivu yenye muziki nyuma yake huaminika upesi. Mbele ya saa ya kinajimu ya Prague, hadithi inayopendwa ni ya fundi Hanuš, ambaye wakuu wa mji walimpofusha ili asitengeneze nyingine kama hiyo. Kumbe saa hiyo ya mwaka 1410 ni kazi ya fundi Mikuláš wa Kadaň, akisaidiwa na mwanafalaki Jan Šindel, na upofushaji huo ni ngano. Ngano hiyohiyo husimuliwa Moscow kuhusu wajenzi wa Kanisa la Mtakatifu Basil, na huko Agra macho yanageuka kuwa mikono iliyokatwa baada ya Taj Mahal kukamilika, pote bila ushahidi wa wakati husika. Hadithi inayoweza kuhamishwa mji hadi mji bila kubadilika ila majina inastahili kusikilizwa kama hadithi. Sina ugomvi na ngano. Msimulizi mwaminifu huitaja kuwa ngano kisha akaifurahia.

Tazama pia tarehe ya kurekodiwa. Simulizi ya mwaka 2018 kuhusu kanisa la Notre-Dame la Paris haijui moto wa tarehe 15 Aprili 2019, ulioangusha mnara mwembamba ambao wageni wengi waliudhania wa enzi za kati, ilhali ulikamilishwa mwaka 1859. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024, mnara ukiwa umejengwa upya kwa umbo lilelile, na jogoo mpya wa dhahabu kileleni. Anayeicheza leo simulizi hiyo ya zamani akiinua macho ataona kila kitu kinalingana na anachoambiwa, ingawa mbao za mnara anazosimuliwa ziliteketea.