Beringi Iliyogandiwa na Grisi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Beringi ya zamani (pete mbili zenye gololi katikati yake) ikikataa kuzunguka, hukumu hutolewa papo hapo: imekufa, itupwe. Wengine huipulizia dawa ya kulegeza kutu, ikazunguka, wakashangilia. Wote wamekosea jambo lilelile, kudhani kwamba kuzunguka ndicho kipimo cha uzima wake.

Grisi si kitu kimoja. Sehemu kubwa yake, kwa kawaida zaidi ya asilimia 70, ni mafuta ya kawaida. Yanashikwa na sabuni ya metali, mara nyingi ya lithiamu au kalsiamu, kama sifongo inavyoshika maji. Miaka ikipita mafuta huchuruzika na kuvukiza, na yaliyobaki huungana na oksijeni yakawa ulimbo wa kahawia. Kinachoizuia beringi isizunguke basi ni sabuni kavu na ulimbo, na kama maji hayakuingia, chuma kilicho chini yake kinaweza kuwa kizima kabisa.

«Ongeza grisi mpya, itailainisha ya zamani.» Haiilainishi. Grisi mpya hutafuta penye nafasi, na ile iliyokauka hubaki palepale kwenye njia ya gololi. Ukiisukuma kwa pampu kupitia nipo (chuchu ya kuingizia grisi), huenda ukaing'oa sili, yaani kizibo cha ukingoni, kabla uchafu haujasogea. Dawa ya kupuliza nayo ina kazi yake: WD-40, kwa mfano, ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Italegeza kilichoganda, ndiyo, lakini utando inaouacha ni mwembamba mno kwa beringi yenye mzigo. Ihesabu kama hatua ya kuosha.

Na kuosha ndiko kazi yenyewe ilipo. Ilowekwe katika mafuta ya taa au tapentaini usiku kucha, izungushwe kwa mkono, isuguliwe kwa brashi laini, kisha umwage na kurudia mpaka kimiminika kibaki safi. Petroli huosha vizuri, lakini mvuke wake hushika moto kwa cheche iliyo mbali. Sioni sababu ya kuitumia. Ikishakauka, ipake mafuta mepesi mara moja, maana chuma kilichooshwa hakina kinga na jasho la vidole tu latosha kuanzisha kutu.

«Ikaushe kwa upepo wa kompresa, uisikie inavyolia.» Huu ndio mchezo unaonikera kuliko yote, kwa sababu unafurahisha. Upepo ule unaweza kuipandisha beringi hadi maelfu ya mizunguko kwa dakika bila tone la mafuta. Gololi zinaburuzwa badala ya kubingirika na kuikwaruza njia yake. Kishikilio kinachozitenganisha gololi kikivunjika, gololi hutoka kwa kasi ya kutoboa jicho. Upepo utumike, ila pete zote mbili zishikwe zisizunguke.

Moto haufai pia. Grisi iliyochomwa hugeuka masizi magumu kuliko ulivyoikuta, na chuma cha beringi kikipata joto kupita kiasi hupoteza ugumu wake. Mafundi wanaopasha beringi ili iingie kwenye shafti (mhimili unaobeba beringi) kwa kawaida hawavuki nyuzi 120 za Selsiasi.

Kuhusu nyundo, swali ni unagonga pete ipi. Kama pete ya ndani ndiyo iliyobana kwenye shafti, nguvu iwekwe kwenye pete hiyo hiyo, tena kwa kivutio (chombo cha kuvutia beringi kutoka kwenye shafti) kuliko kwa nyundo. Ukigonga ya nje, pigo linapita kwenye gololi na kuacha vishimo ambavyo havionekani kwa urahisi, lakini utavisikia baadaye.

«Iliyofunikwa haifunguliki.» Inategemea kifuniko. Zenye alama ya 2RS zina sili za mpira. Pini nyembamba ikiingizwa ukingoni taratibu, sili hutoka na hurudishwa. Za ZZ zina vifuniko vya bati ambavyo mara nyingi hupinda vikifunguliwa. Kwa beringi ndogo ya kawaida kama 608, yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22, nunua mpya uendelee na mambo mengine. Juhudi ziwekwe kwenye saizi adimu.

«Inayozunguka muda mrefu ukiisukuma kwa kidole ndiyo nzima.» Mara nyingi ndiyo iliyo kavu. Yenye grisi ya kutosha husimama upesi. Kipimo cha kweli ni kuizungusha polepole ikiwa safi na ina mafuta kidogo, huku ukiibonyeza: mkwaruzo unaojirudia mahali pamoja maana yake njia imeharibika, na hapo hakuna grisi itakayoiponya.

Kisha watu huijaza pomoni. Kwa mwendo wa kasi, theluthi moja hadi nusu ya nafasi iliyo wazi yatosha. Ikizidi, grisi inakorogwa na kuzalisha joto. Beringi ya mwendo wa pole iliyo karibu na maji ndiyo inayoweza kujazwa, ili maji yasipate pa kuingilia. Rangi isikudanganye: ni ya kutiwa tu, na grisi mbili za buluu zinaweza kukataana. Ya lithiamu na ya poliurea (isiyotumia sabuni ya metali kushika mafuta) mara nyingi zikichanganywa hulainika na kuvuja.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ni beringi kweli. Feni na mota nyingi ndogo zina bushi, yaani bomba fupi zisizo na gololi, za shaba nyeusi yenye vinyweleo vilivyojaa mafuta. Kuziosha kwa mafuta ya taa kunayanyonya mafuta hayo, na grisi huziba vinyweleo. Bushi iliyokauka huzamishwa katika mafuta mepesi ya mashine yaliyopashwa kidogo, ikaachwa humo mpaka viputo viishe.