Kiazi kigumu ndicho mmea wa mwakani: ufafanuzi kuhusu chikanda

Mvua zinapoanza Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, okidi za ardhini, mimea ya maua yenye viazi chini ya udongo, huchipua na wachimbaji wa viazi hivyo nao huanza kupanda milimani. Kila msimu tunaelezwa kwamba mchimbaji "amechukua kiazi kimoja akaacha kingine", hivyo mmea utaota tena. Si kweli.

Chikanda ni viazi vya okidi za jenasi Disa, Habenaria na Satyrium. Vingi huvushwa hadi Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili na magadi.

Fukua shina moja la Satyrium lenye maua, utakuta viazi viwili. Kimoja ni cheusi, kimesinyaa na kinabonyea kidoleni: hicho ni cha mwaka jana, na akiba yake imeshatumika kuotesha majani na maua unayoyaona. Cha pili ni cheupe, kigumu, chenye chipukizi juu yake. Kiangazi majani yakikauka, na hata moto ukipita, hicho ndicho kinachobaki hai chini ya udongo hadi mvua zijazo. Mchimbaji huchukua kigumu, kwa sababu ndicho chenye soko. Anachokiacha hakina uwezo wa kuota.

Wengine husema mbegu zitarudisha mimea iliyochimbwa. Tumba moja la mbegu hutoa mbegu nyingi mno, nyepesi kama vumbi, lakini hazina akiba ya chakula. Ili iote, mbegu lazima ikutane na kuvu inayofaa iliyomo udongoni, kisha mche huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua. Ndiyo maana pia okidi iliyohamishiwa bustanini nyumbani kwa kawaida hufa. Tafadhali msihamishe.

Hifadhi ya Taifa Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilianzishwa 2005 na ina zaidi ya spishi 40 za okidi za ardhini. Ndani yake kuchimba au kuchuma mmea wowote bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282. Kusema "ni viazi vya porini, havina mwenyewe" si utetezi.

Nje ya hifadhi, kuvusha viazi hivi mpakani kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa kuwa familia yote ya okidi imo katika viambatisho vya mkataba huo. Kibali hutolewa kabla ya mzigo kusafiri, baada ya mamlaka ya kisayansi kuthibitisha kwamba uvunaji hauathiri uhai wa spishi husika porini. Kila shehena ina kibali chake, na kibali cha kusafirisha nje hutumika ndani ya miezi 6 tangu kilipotolewa. Barua ya kijiji haichukui nafasi yake. Mzigo usio na kibali hukamatwa, na aliyekutwa nao huwajibika hata kama si yeye aliyechimba. Madereva wa malori na bodaboda wanaopakia magunia bila kuuliza kilichomo walizingatie hilo.