“Wanawake wenyewe hawataki”: dhana potofu kuhusu mwanamke, vyombo vya habari na uongozi

Dhana: “Wanawake wenyewe hawataki. Ukiwapigia simu wahojiwe wanakataa, ukiwaomba wagombee wanarudi nyuma.”

Hii ndiyo inayosemwa kuliko zote. Utaisikia kwa wahariri, kwa makatibu wa vyama, hata kwa walimu wanaosimamia uchaguzi wa viranja. Inasemwa kana kwamba hamu ya uongozi ni kitu mtu anazaliwa nacho, mwenye nacho anacho na asiye nacho basi tena. Si kweli. Hamu hiyo hupanda na kushuka kutegemea mtu ametoka kuona nini, na jambo hili limeshapimwa.

Mwaka 2005 wanasaikolojia Paul Davies, Steven Spencer na Claude Steele walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wasichana walitazama matangazo ya biashara ya televisheni, kisha wakaulizwa: katika kazi ya kikundi inayofuata, ungependa kuwa kiongozi au mwanakikundi wa kutatua maswali? Waliotazama matangazo yanayomchora mwanamke kwa dhana zile zile za miaka yote walikwepa uongozi kuliko wenzao waliotazama matangazo mengine. Elimu yao ni moja, chuo ni kimoja. Tofauti ni matangazo machache tu. Kisha watafiti waliwaeleza wengine mapema kwamba wanawake na wanaume hawajaonekana kutofautiana uwezo katika kazi hiyo, na athari ile ikatoweka. Kitu kinachotoweka kwa kauli moja hakiwezi kuitwa maumbile.

Nchini Uswisi, Ioana Latu na wenzake waliwapa wanafunzi kazi ya kuhutubia, wakabadilisha picha iliyoning'inia ukutani mbele ya msemaji: Hillary Clinton, mwanasiasa wa Marekani; Angela Merkel, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani; Bill Clinton, aliyekuwa Rais wa Marekani; au ukuta mtupu. Penye picha ya Bill Clinton au pasipo na picha, wanawake walizungumza kwa muda mfupi kuliko wanaume. Penye picha ya Hillary Clinton au Merkel, pengo hilo lilifutika, na waliozungumza kwa muda mrefu zaidi walionekana wamehutubia vizuri zaidi, machoni pa wasikilizaji na machoni pao wenyewe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Wanaosema hizo ni habari za maabara waende Bengali Magharibi, jimbo la India. Katiba ya India, baada ya marekebisho ya mwaka 1993, ilitenga theluthi moja ya nafasi za wenyeviti wa halmashauri za vijiji kwa ajili ya wanawake, na vijiji vilipangiwa kwa bahati nasibu. Lori Beaman, Esther Duflo na wenzao walifuatilia vijiji 495. Palipotengwa nafasi hiyo kwa mihula miwili ya uchaguzi, pengo la matarajio ya maisha ya baadaye kati ya wavulana na wasichana wa miaka 11 hadi 15 lilipungua kwa asilimia 32, na pengo la elimu likafutika. Angalia hapo: mihula miwili. Kumwonyesha mwanamke mmoja tarehe 8 Machi na kumsahau hadi mwaka ujao hakutoshi.

Sasa turudi kwenye ile simu “inayokataliwa”. Mara nyingi inapigwa saa kumi jioni, habari inafungwa saa kumi na moja, na mpigaji hasemi swali ni lipi. Mwanamume aliyezoea kuhojiwa atabahatisha. Mwanamke anayejua kwamba akikosea neno moja atashambuliwa mtandaoni kwa wiki nzima, kuanzia nywele zake hadi ndoa yake, atasema hapana, na ana haki. Anayemlaumu aangalie kwanza namna alivyomwomba.

Ombi lililokamilika huwa hivi. Piga kabla ya saa nne asubuhi. Taja mada, maswali matatu, dakika zitakazotumika, na nani mwingine atakuwepo. Mwambie kwa nini umemchagua yeye, kwa kazi yake na siyo kwa sababu “tunahitaji sauti ya mwanamke”. Neno hilo peke yake linamwambia kwamba utaalamu wake hauna maana. Kama saa haimfai, pokea majibu ya sauti kwa WhatsApp. Akikataa kabisa, muulize nani mwingine katika fani yake anaijua mada. Akikubali, atume picha anayoitaka mwenyewe, na msimamizi wa mitandao ya kituo afute matusi kuanzia saa za mwanzo baada ya habari kutoka. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama atapokea simu ya pili.

Halafu hesabuni. Mradi wa 50:50 wa BBC, ulioanzishwa na mtangazaji Ros Atkins mwaka 2017 ili idadi ya wanawake na wanaume wanaosikika iwe sawa, una kanuni ninayoipendekeza kwa kila chumba cha habari: hesabu wale tu uliokuwa na uwezo wa kuwachagua. Waziri aliyetoa tamko hahesabiwi; mchambuzi uliyemwita kulieleza tamko hilo anahesabiwa. Fanyeni kazi hiyo ya dakika chache kila kipindi kikiisha, na jumla ya mwezi ibandikwe mahali wote wanapoiona.

Dhana: “Kumsifia mwanamke kwamba amependeza kunamjenga.”

Utafiti wa Women's Media Center, shirika la Marekani linalotetea wanawake katika vyombo vya habari, mwaka 2013, ulionyesha kwamba kutaja mwonekano wa mgombea mwanamke kulimpunguzia kura hata maneno yalipokuwa ya sifa. Mgombea alipoyajibu waziwazi, alirudisha sehemu ya alichopoteza. Kwa hiyo “Waziri ang'ara na kitenge akizindua kisima” iandikwe “Waziri azindua kisima”, kisha nafasi iliyobaki itaje kina na idadi ya kaya. Angalia na picha: mwanamume hupigwa nyuma ya vipaza sauti, mkono hewani, mwanamke hupigwa mzima mzima, akicheka. Chagua picha anayozungumza. Na ukimwandika mwanamume “Dkt.”, mwenzake mwenye shahada ile ile asiwe “Mama”.

Dhana: “Mambo ya kujichukia mwili ni ya Wazungu.”

Televisheni iliingia Nadroga, eneo la Fiji, nchi ya visiwa vya Pasifiki, mwaka 1995, mahali ambapo mwili mnene ulikuwa sifa. Mtafiti Anne Becker alipima kundi la wasichana wa shule mwaka huo na kundi jingine mwaka 1998. Waliopata alama za juu kwenye dodoso la dalili za matatizo ya ulaji walitoka asilimia 12.7 hadi 29.2, wanaojitapisha ili wapungue walitoka sifuri hadi asilimia 11.3.

Dhana: “Siku hizi wanawake wamejaa kwenye habari.”

Wamejaa kwenye kusoma habari. Mkutano wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, Katibu Mkuu wake akiwa Getrude Mongella wa Tanzania, uliweka vyombo vya habari kati ya maeneo 12 ya kushughulikiwa. Mwaka huo huo hesabu ya kwanza ya dunia ilikuta wanawake ni asilimia 17 ya wanaotajwa na kuhojiwa kwenye habari. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25.

Dhana: “Tanzania ina Rais mwanamke tangu 2021, Kenya ilichagua magavana saba wanawake 2022, yamekwisha.”

Magavana saba kati ya 47. Na msichana wa darasa la sita haoni idadi hiyo. Anaona kinachopita kwenye runinga ya nyumbani saa mbili usiku. Mzazi au mwalimu anayetaka kujua anaona nini akae naye taarifa moja nzima, karatasi mkononi, aandike kila mwanamke aliyezungumza na aliulizwa nini.